Shangazi ana rovu, karogwa?

SWALI: Shikamoo dokta, shangazi yangu yuko Njombe kavimba shingo, majirani wanasema karogwa, ni kweli?

JIBU: Marahaba. Hajarogwa mtu hapo aisee. Shingoni kuna tezi ya thairoidi, homoni zake ndo zinaamua mwili uende mbio au pole pole, na hazitengenezeki bila madini joto, sasa yakipungua kwenye msosi ile tezi ndogo chini ya ubongo inaisukuma thairoidi kwa homoni yake, fanya kazi fanya kazi, mpaka inavimba. Milimani kama huko Njombe mvua zimeyaosha madini hayo yakatoka kwenye udongo. Anunue chumvi yenye madini joto, aifunike vizuri, ila kwanza akapime damu maana rovu zingine chanzo chake kingine kabisa.