Maswali ya Wasomaji: Kukereza Kalamu za Mpingo

Swali: Mafundi, habari za kazi. Kalamu zangu zinauzika, ila ukipitisha kidole pale mti unapokutana na chuma cha ncha, upande mmoja mti umezidi na upande wa pili umezama. Patasi nanoa kila siku. Kosa liko wapi? (Msomaji, Arusha)

Jibu: Nzuri, ndugu. Patasi haina kosa. Mti wako unazunguka nje ya kitovu. Mshuku kwanza ufito wa chuma unaobeba vipande vya mti kwenye mashine. Una unene wa milimita 6 na ushei tu, kwa hiyo ukikaza nati kwa spana, au ukiusukuma kwa nguvu kwa kichwa cha nyuma cha mashine, unapinda katikati. Nati ikazwe kwa vidole. Kichwa cha nyuma kiguse tu mpaka ncha yake izunguke pamoja na ufito. Ikiwa bado, kereza kipande kimoja kimoja ili ufito uwe mfupi.

Kagua pia miisho ya kila kipande. Mwisho uliokatwa mshazari huilaza upande bushi, yaani pete ya chuma inayokaa kwenye ufito mwishoni mwa kipande, na ufito unapinda hata kama nati imelegea. Sawazisha mti mpaka shaba ya mrija uliogandishwa ndani yake ing'ae duara zima, uishie hapo hapo.

Bushi nazo usiziamini sana kama kipimo, maana msasa huzila kidogo kidogo. Pima kwa vernia (kifaa cha kupimia unene) chuma chenyewe cha kalamu, ukereze kwa kipimo hicho.

Swali: Kalamu ya mpingo ilitoka safi kabisa, baada ya wiki kadhaa ikapasuka kwa urefu. Gundi ilikuwa mbovu? (Msomaji, Mtwara)

Jibu: Gundi haihusiki sana. Mpingo hukauka polepole mno, na ukiwa na unyevu ndani huendelea kusinyaa. Mrija wa shaba hausinyai, basi mti unaachia mahali palipo dhaifu. Kata vipande vya milimita 20 kwa 20, paka nta kwenye miisho, uviweke kivulini. Vipime kila wiki kwa mizani ndogo ya jikoni na uandike. Uzito usiposhuka tena kwa wiki kadhaa mfululizo, anza kazi.

Sababu ya pili ni joto la keekee. Biti ya milimita 7 iwe kali, spidi ndogo, kama mizunguko 500 kwa dakika, na uitoe kila baada ya milimita 5 hivi kumwaga unga. Ukisikia harufu ya kuungua, nyufa ndogo zimeshaanza ndani hata kama huzioni. Acha kipande kipoe kabisa. Kwaruza mrija kwa msasa namba 150, futa tundu kwa asetoni kwa sababu mpingo una mafuta, gandisha mrija kwa gundi ya epoksi, na usiuguse mpaka kesho yake. Wakati wa msasa, bonyeza kidogo tu: kipande kikichoma vidole, simamisha mashine. Na barakoa ni lazima, unga wa mpingo huwasha ngozi na kifua.

Swali: Nikipaka supa gluu kama vanishi, inafanya ukungu mweupe. (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Ni unyevu wa hewa ya pwani, pamoja na kupaka tabaka nene. Paka nyembamba sana, mchana wenye jua. Kwa mpingo, hata hivyo, ushauri wetu ni kuachana na gluu: panda na msasa mpaka namba 2000, ukisimamisha mashine kila namba na kusugua kwa kufuata nyuzi za mti, kisha nta na kitambaa cha pamba.