Fundi Anajibu: Kabla Hujapasua Sakafu

Barua za safari hii zinahusu sakafu zinazopasha nyumba joto, na karibu kila moja ina nyundo ndani yake. Nimezijibu kwa mpangilio ambao ningeufuata mimi mwenyewe nikiitwa nyumbani kwenu.

Shikamoo fundi. Nyumba yetu inapata joto kwa mabomba ya maji ya moto yaliyozikwa sakafuni. Vyumba vyote viko sawa isipokuwa cha watoto. Mume wangu anaamini bomba limeziba, na ameshaazima mashine ya kuvunjia zege. Nimemwomba asubiri nikuandikie. (Mama Pacha)

Marahaba, mwanangu. Mwambie arudishe hiyo mashine leo leo.

Bomba la plastiki lililozikwa kwenye zege haliharibiki ovyo. Likiwekwa inavyotakiwa halina kiungo chochote chini ya sakafu. Ni kipande kimoja kinachotoka kwenye manifoldi, yaani kigawanyo cha mabomba ya vyumba vyote, kinazunguka chumba, kinarudi pale pale. Vinavyochoka ni vile vilivyo juu: vali, pampu, nyaya, na vile vichwa vidogo vya umeme vinavyofungua na kufunga njia ya kila chumba. Kwa hiyo nendeni kwenye kisanduku cha ukutani, pale bomba nene linapogawanyika matawi.

Pandisha themostati (kidhibiti joto) ya chumba cha watoto hadi juu, subiri robo saa, halafu shika mabomba yake mawili, la kwenda na la kurudi. Yakiwa baridi yote mawili huku ya jirani ni moto, maji hayapiti. Manifoldi nyingi zina vikombe vya kioo vinavyoonyesha lita kwa dakika. Ukiona vyumba vingine vinasoma lita moja na nusu au mbili, na cha watoto kimelala kwenye sifuri, umeshapata pa kushika.

Zima umeme wa mfumo, kisha fungua kile kichwa kwa mkono. Chini yake kuna pini nyembamba. Ibonyeze kwa kipande cha mti: inatakiwa izame milimita chache na kuruka juu yenyewe. Ikibaki chini, ugonjwa ni huo. Vali iliyokaa imefungwa miezi yote ya joto hushikamana. Gongagonga ubavu wa vali taratibu kwa mpini wa bisibisi, tia tone la mafuta kwenye pini, bonyeza tena na tena hadi ilegee. Tafadhali msiivute kwa koleo. Ikichomoka, maji yatawarukia usoni. Na kama pini inacheza vizuri, rudisheni umeme bila kukifunga kichwa. Maji yakianza kupita, huenda kilichokufa ni kichwa. Nunueni cha umeme ule ule. Vipo vya volti 24 na vya 230, na kuvichanganya ni kuviunguza.

Ikiwa pini ni nzima na bado maji hayaendi, shuku hewa. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa mapema, maana wanafungua kile kivali kidogo cha hewa, kinapiga mluzi kidogo, wanadhani wamemaliza. Hewa iliyolala katikati ya mzunguko wa mita 80 au 100 haitoki kwa mluzi, inasukumwa na maji. Zimeni boila, ule mtambo unaochemsha maji, na pampu, acheni mfumo upoe. Fungeni vali iliyo kati ya manifoldi na boila, na vyumba vyote isipokuwa kile kimoja. Ungeni mpira wa maji kwenye mdomo wa kujazia upande wa kwenda, na mpira mwingine upande wa kurudi, mwisho wake uzame ndani ya ndoo yenye maji. Fungua taratibu huku mtu mmoja akitazama geji ya presha isipite bari 2 (bari ni kipimo cha presha). Mtaona mapovu yanachemka ndooni, yanapungua, yanarudi kwa kishindo, halafu yanakoma. Msifunge mapovu yanapokoma mara ya kwanza. Ongezeni dakika tano nzima.

Angalizo moja: kama maji yanayotoka yana rangi na yanateleza vidoleni, yametiwa dawa ya kuzuia kuganda. Msiyasukume nje na kujaza maji matupu, mtaipunguza nguvu na mabomba yatakuwa hatarini baridi kali ikija.

Baada ya hapo subirini hadi kesho yake. Zege hupata joto kwa saa nyingi, na wengi huharibu kazi nzuri kwa kupima na viganja baada ya nusu saa.

Fundi, geji yetu inashuka kutoka bari 1.5 hadi 0.5 kila wiki, nami naongeza maji. Sakafu ni kavu. Nianze kupasua wapi? (Msomaji asiyelala)

Usipasue popote bado, kaka. Na punguza kuongeza maji, kwa sababu kila maji mapya yanaingiza oksijeni mpya, na oksijeni inakula pampu na chuma chote cha ndani hadi maji yawe meusi kama wino.

Nikueleze kwa nini nasisitiza. Miaka yangu ya mwanzo nilipasua sakafu ya mzee mmoja sehemu tatu nikitafuta uvujaji. Mashimo yote matatu yalikuwa makavu. Maji yalikuwa yakitokea kwenye vali ya usalama, na bomba lake la kumwagia lilipita ukutani na kuishia nje, nyuma ya nyumba, ambako sikwenda kuangalia. Yule mzee hakunigombeza. Alikaa tu akitazama vigae vyake. Tangu siku hiyo kila nyumba naizunguka kwa nje kwanza.

Kwako dalili zinafanana. Itazame geji mfumo ukiwa baridi, itazame tena ukiwa moto. Kama inapanda karibu na bari 3, tangi la presha limechoka. Ndani ya tangi hilo kuna mpira unaotenganisha maji na hewa, na hewa ndiyo inayoyapisha maji yanapopanuka. Hewa ikiisha, maji hayana pa kwenda, vali ya usalama inafunguka, na mfumo ukipoa presha inakuwa imeshuka. Bonyeza kivali cha hewa cha tangi, kile kinachofanana na cha tairi. Yakitoka maji, mpira umepasuka, badilisha tangi. Ikitoka hewa dhaifu, ondoa kwanza presha ya maji, kisha jaza kwa pampu ya baiskeli hadi kiwango kilichoandikwa kwenye tangi. Nyumba nyingi hukaa karibu na bari 1.

Tangi likiwa zima, tenga sakafu na boila kwa vali, acha usiku kucha. Ukiwa na geji upande wa manifoldi, itakwambia mwenye kosa. Kama ni sakafu, pima chumba kimoja kimoja hadi umpate anayeshuka peke yake. Hapo ndipo unaazima kamera ya joto. Ianze sakafu ikiwa baridi kabisa, fungua mzunguko ule mmoja, na tazama mistari ikijichora. Penye mvujo mstari hugeuka doa linalotanuka.

Sasa ndiyo unachimba, kwa patasi na nyundo ndogo, kwa subira, maana mashine itakuongezea tundu la pili. Kata bomba wima, lisafishe, tumia kiungo cha aina na kipenyo kilichoandikwa ubavuni mwa bomba lenyewe. Kivike kinga ili zege isikiguse. Jaza maji, pandisha presha, acha hadi kesho, na zege imwagwe presha ikiwa bado imo.

Kama mabomba yako ni ya shaba ya zamani, hesabu ni nyingine. Nyumba za Levittown kule Marekani, zilizojengwa kuanzia 1947, zilikuwa na shaba ndani ya zege, na wenye nyumba wengi waliishia kuyaacha mabomba yale kwa kuvuja. Ukiziba tundu moja la kutu, la pili liko njiani.

Sakafu ya bafu letu inapata joto kwa waya wa umeme. Tangu tufunge kizuizi cha mlango kwa skrubu sakafuni, swichi kuu inajikata kila tukiwasha. (Dada wa bafuni)

Dada yangu, skrubu ya hicho kizuizi imechoma waya. Usiiwashe tena, hata kwa kujaribu.

Zima umeme kwenye mita, hakikisha hakuna umeme, kisha pima waya kwa multimita (kipimo cha umeme) na ulinganishe na ohimu, yaani kipimo cha ukinzani, zilizoandikwa kwenye karatasi ya mtambo. Karatasi ikipotea, zidisha volti kwa volti, gawa kwa wati: waya wa wati 600 kwenye volti 230 unatakiwa kusoma karibu na ohimu 88. Ukisoma sawa bado si salama, kwa sababu kinachokata swichi ni umeme unaotoroka kwenda ardhini, na huo unapimwa kwa kifaa cha kupima ukinzani wa ganda la waya. Kipimo hicho na kuunga waya mahali penye maji mwachie fundi umeme. Mwonyeshe skrubu ilipoingia, utakuwa umemwokolea nusu ya siku.

Nimepandisha boila hadi nyuzi 65 ili sakafu ya mbao ipate joto haraka. Imeanza kutoa mianya. Nifanye nini? (Baba mwenye haraka)

Anza kuishusha sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Maji ya sakafu yanatakiwa kuwa kati ya nyuzi 35 na 45. Kiwango cha Ulaya cha EN 1264 hakiruhusu uso wa sakafu ya sebuleni kuzidi 29, na watengenezaji wengi wa mbao wanasema 27. Shuka nyuzi chache kila siku, na uangalie kama vali ya kuchanganya maji ya moto na yale yanayorudi bado inazunguka. Mianya midogo huenda ikajifunga mbao zikipata unyevu wake tena. Mwite fundi seremala baada ya miezi miwili, si wiki hii.