Uliza Tukujibu: R-77 kwenye Su-27 ya Zamani, Inakubali au Inagoma?

SWALI: Shikamoo mzee wa ndege. Hapa kijiweni tumebishana mpaka kahawa imepoa. Jamaa yangu anasema ndege ya kivita ya Su-27 yoyote ukiifunga kombora la R-77 inarusha tu, si vyote vya Mrusi? Mimi nakataa. Nani alipe kahawa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kahawa alipe jamaa yako, ila usimcheke sana maana makombora ya R-27, R-73 na R-77 kweli yote ni ya wabunifu walewale, Vympel ya Moscow, kwa hiyo mtu anaona ni ukoo mmoja basi zitaelewana. Haziko hivyo. Ni kama kuchukua laini ya 4G ukaichomeka kwenye kitochi, inaweza kuingia vizuri kabisa halafu intaneti usiione.

Anza na hiyo Su-27 yenyewe, ile ya kwanza ya miaka ya 80. Rada yake ilitengenezwa iende na R-27R, toleo la R-27 linaloongozwa kwa rada, na R-27R haina rada yake ya kutoa mawimbi, inafuata yale yanayotoka kwenye ndege, yakimgonga adui na kurudi ndiyo inayafukuzia. Maana yake rubani akishafyatua hawezi kugeuza akakimbia, lazima aendelee kummulika adui kwa rada mpaka kombora lifike, na huyo adui naye anakuja mbele yake na makombora yake, hebu fikiria hiyo presha! R-77 ina karada kake puani. Ndege inaipa mahali adui alipo kabla haijatoka, inaitumia marekebisho kwa redio ikiwa njiani, ikikaribia inawasha karada kake na rubani anageuka zake.

Sasa hizo taarifa za kabla na za njiani nani anazitoa? Rada na kompyuta ya ndege. Su-27 ya zamani haikuwekewa lugha hiyo, utaifunga R-77 itaning'inia pale kama pambo. Hata kishikio chini ya bawa ni kingine: R-27R ina kilo 253 na inakaa kwenye APU-470 au AKU-470, wakati R-77 ina kilo 175 na inataka AKU-170, ambacho kinaisukuma chini kwanza iachane na ndege ndipo moto uwake. Kwa hiyo mafundi wanagusa waya, kishikio, programu na rada, halafu wanarusha za majaribio. Ndiyo kazi iliyofanyika kwenye Su-27SM, Su-27 iliyoboreshwa, na kwa ndege nyingine ya Mrusi, MiG-29, ni toleo la S, lenye rada ya N019M, ndilo lililofunguliwa mlango.

Cha kuchekesha ni Wahindi. Walichukua MiG-21, ndege ya enzi za babu, wakaitia rada ndogo ya Kopyo wakaiita Bison, na ikarusha R-77, jambo ambalo Su-27 nyingi za Urusi kwenyewe zilikuwa haziwezi! Baada ya 1991 Moscow haikuwa na hela, R-77 zikawa zinauzwa nje kwa jina la RVV-AE huku marubani wa nyumbani wanaendelea na R-27. R-77-1, toleo lililoboreshwa, ndiyo tulikuja kuiona chini ya ndege za Su-35S za Urusi kule Syria mwanzoni mwa 2016, miezi michache baada ya Uturuki kutungua ndege ya Su-24 ya Urusi.

Na kama jamaa yako anaona R-27 inatosha, mkumbushe vita vya jirani zetu Ethiopia na Eritrea, Su-27 na MiG-29 zilikutana angani 1999, R-27 zikarushwa na nyingi zikapita patupu.

SWALI: Na zile Su-30 za Uganda je? (Msomaji, Bukoba)

JIBU: Zile sita ni Su-30MK2, toleo la kuuza nje, na toleo hilo rada yake inaielewa RVV-AE tangu kiwandani. Ndege kuweza na ghala kuwa nazo ni mambo mawili lakini, usichanganye.

SWALI: Mbona MiG-29 za Ukraine zinarusha kombora la HARM la Marekani na wewe unasema haziingiliani? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Umenibana kaka, ila si kabisa. HARM ilianza kuonekana kwenye MiG-29 mwaka 2022 na hata hiyo ilitengenezewa kishikio cha kuunganisha, haikubandikwa hivihivi. Halafu kazi yake ni kupiga rada za ardhini, inanusa yenyewe mawimbi ya rada ya adui, unaweza kuipa shabaha hukohuko chini kabla ya kuruka, kwa hiyo haiitegemei sana rada ya ndege. Ya kutungua ndege nyingine ni tofauti, adui anakata kona kila sekunde na lazima mtu aliambie kombora kakatia wapi.