Jahazi Lililobisha Usiku Kucha: Nilivyojifunza Maneno Magumu kwa Hadithi Fupi Moja

Nimezaliwa na kukulia Nzega, ambako maji mengi tuliyoyajua utotoni yalikuwa ya lambo la ng'ombe, na Kiswahili nilikisoma hadi kidato cha sita nikajiona mjuzi wa kutosha. Kujiona huko kulikoma jioni niliyoazimwa mkusanyiko wa hadithi fupi, nikafungua hadithi ya kurasa kumi na moja kuhusu jahazi lililotoka Unguja kwenda Kilwa, na katika ukurasa wa pili nikasoma kwamba jahazi hilo lilibisha usiku kucha. Kubisha nilikujua kwa maana mbili tu, yaani kukataa kauli ya mtu na kupiga hodi mlangoni, na sikuona namna chombo cha mbao kingeweza kufanya lolote kati ya hayo katikati ya bahari.

Zamani ningelichukua neno hilo na kuliingiza katika orodha, neno kushoto na maana kulia, kama tulivyozoea shuleni, kisha nikariri. Maneno ya orodha niliyakumbuka hadi siku ya mtihani, lakini nilipoyahitaji katika kuandika hayakuja, kwa sababu sikuwahi kuyaona yakifanya kazi. Safari hii niliamua kuisoma hadithi yote mpaka mwisho bila kugusa kamusi, nikiandika tu kwenye karatasi kila neno lililonikwaza pamoja na ukurasa wake. Nakushauri uanze hivyo hivyo, hata kama utachukizwa na giza la usomaji wa kwanza. Hadithi fupi inavumilia jambo hili kuliko riwaya, kwani inamalizika kwa kikao kimoja na unaweza kuirudia kesho yake ukiwa bado unakumbuka kila tukio.

Katika usomaji wa pili ndipo sarufi ilipoanza kunisaidia. Mwandishi alisema mabaharia walilitweka tanga wakati wa kuondoka, na kurasa chache mbele, upepo ulipozidi, wakalitua. Kutua nilikujua, hivyo kutweka hakukuwa na budi kuwa kinyume chake, yaani kupandisha juu. Wiki ileile nikasikia redioni kwamba bendera ilitwekwa, neno ambalo bila shaka lilikuwa limenipita masikioni mara nyingi. Foromali nayo ilijieleza yenyewe: tanga lilifungiwa kwayo, na katika dhoruba ilivunjika kwa kishindo, basi ikawa wazi kwamba ni mti mrefu unaobeba tanga. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza maana ya neno, tazama linapatanishwa na nini, linatendwa nini, na lipi limesimama upande wa pili wake.

Lakini kubahatisha kuna mitego. Nilipokuta usiku wa bamvua, niliamini kabisa kwamba ni usiku wa mvua kubwa, kwa kuwa neno mvua nililiona limekaa ndani yake. Ni aya iliyofuata iliyoniumbua, maana mwezi ulikuwa mpevu, mbingu nyeupe, na maji yalikuwa yamepanda kuliko siku nyingine hata yakafika kwenye mizizi ya minazi. Bamvua ni kujaa na kupwa kukubwa kwa bahari kunakotokea wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Siku ambazo maji hayapandi sana wala hayashuki sana huitwa maji mafu. Umbo la neno likikwambia jambo moja na hadithi ikakwambia jingine, iamini hadithi.

Kamusi niliifungua katika usomaji wa tatu, tena kwa maneno yaliyokuwa yamebaki tu. Hapa wasomaji wengi hukata tamaa bure, wakidhani neno halimo, kumbe wanalitafuta mahali pasipo pake. Nyufa hutaipata kwenye N, bali kwenye U, chini ya ufa. Waliambaa hutaipata kwenye W. Ondoa kiambishi cha nafsi na cha wakati, utafute ambaa. Mimi mwenyewe nilihangaika na ngamani hadi nilipokumbuka kwamba ni kama mezani na shambani, nikaondoa -ni na kupata ngama, sehemu ya chini ndani ya chombo ambako maji yanayovuja hukusanyika na kuchotwa. Papo hapo methali niliyoikariri tangu darasa la sita, kwamba ukienda tezi na omo marejeo ni ngamani, ikafunguka. Tezi, ambayo nilidhani ni ile ya shingoni, ni upande wa nyuma wa chombo, na omo ni upande wa mbele. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiitumia katika insha na kupata alama nzuri bila kujua nilichokuwa nikikisema!

Kubisha, hata hivyo, sikukuelewa barabara kwa maelezo ya kamusi. Nilimwendea mzee mmoja jirani yangu, mzaliwa wa Pangani aliyewahi kuwa baharia, nikamwamkia na kumsomea ile sentensi. Aliniuliza kwanza safari ilikuwa ya mwezi gani. Nikamjibu kwamba hadithi inataja msimu wa kusi. Akachukua kijiti, akachora mstari wa kwenda upande huu na upande ule mchangani. "Kusi inatoka huko huko Kilwa unakokwenda, mwanangu. Upepo ukiwa mbele yako huuendei uso kwa uso. Unakwenda mshazari huku, unageuza tanga, unakwenda mshazari kule. Huko ndiko kubisha." Nilipoisoma tena sentensi ile nilihisi uchovu wa mabaharia, usiku mzima wa kugeuza tanga kwa safari isiyosonga, jambo ambalo mwandishi alikuwa amelisema kwa neno moja. Ukiwa na mtu aliyeishi na maneno unayoyasoma, awe fundi, mkulima, mvuvi au bibi yako, mpelekee sentensi nzima, wala usimtajie neno peke yake.

Daftari langu sasa halina orodha. Kila neno limeandikwa ndani ya sentensi ya hadithi, na chini yake sentensi moja yangu mwenyewe kuhusu jambo ninalolijua, ingawa nakiri kwamba sentensi zangu za mwanzo za majahazi huko Nzega zilikuwa za kuchekesha. Baada ya mwezi mmoja huisoma hadithi tena daftari likiwa limefungwa, na neno lililonitoka ndilo pekee ninaloliandika upya.