Jibu: Windows yadai leseni baada ya kubadilisha mazabodi

Salaam ndugu. Kwa hivyo mazabodi (bodi kuu ya kompyuta, motherboard) imeliwa na chumvi hapo Lamu, fundi kaweka nyingine, na sasa Windows 10 yadai leseni upya. Kwanza fungua CMD (dirisha la kuandikia amri), andika slmgr /dli, utazame mstari wa maelezo (Description). Ukiona RETAIL, yaani leseni iliyonunuliwa peke yake, waweza kuihamisha: ingia Settings, Update & Security, Activation, Troubleshoot, useme umebadilisha kifaa, mradi ulikuwa umeiunganisha na akaunti yako ya Microsoft. Ukiona OEM, yaani leseni iliyokuja na kompyuta, imefungwa kwenye ile mazabodi iliyokufa. Hili laniuma kweli: mtu kalipia kompyuta nzima, chumvi yala kipande kimoja, aambiwa anunue tena! Fundi wako hana kosa. Hapa Malindi wateja nawahimiza waunganishe akaunti kabla bisibisi haijagusa kitu. Tuandikie neno ulilopata.