Projekti ya umeme wa angani: anza na siku ya jua, radi baadae

Wadogo zangu mnaotaka kufanya projekti ya umeme wa angani kivyenu, bila maabara, ngoja niwape yalonikuta. Mi nilianza na tamaa ya kupima radi. Radi inakuja inapotaka na inaua, wakati hewa ina umeme hata siku ya jua anga jeupe pee, karibu na ardhi ni kama volti 100 mpaka 130 kwa kila mita unayopanda, na hiyo ipo kila siku inakusubiri.

Kifaa nilichounda wanakiita fildi mili. Mota inazungusha pangaboi la bati lililofungwa ethi (waya wa kwenda ardhini), linafunika na kufunua vibati vya chini yake, kikifunuliwa chaji inakimbilia, kikifunikwa inarudi, ndo hako kamkondo unakasoma. Mota nilitoa kwenye feni ya kompyuta mbovu. Angalia tu pangaboi liendelee kugusa ethi huku linazunguka, mi niliegesha kawaya kembamba kwenye ncha ya shafti.

Sasa sikia hii. Usiamini namba yoyote kabla hujafunika kifaa na sufuria iliyofungwa ethi, manake umeme wa anga hauingii ndani ya sufuria, inatakiwa isome sifuri. Yangu ikasoma 40 na kitu!! Wiki mbili za data nikatupa zote. Kumbe kila asubuhi nilikuwa naifuta vumbi ile plastiki inayoshikilia vibati, kwa kitambaa kikavu, kwa upendo kabisa, na kuifuta huko ndo kuichaji. Nikaificha nyuma ya vibati, nikawa naifuta kwa spiriti, ikatulia.

Kujua namba zako ni volti ngapi kweli sio gharama. Mabati mawili yaachane sentimita 20, kifaa kichungulie kwenye tundu la bati la chini, yaunge na bateri mbili za 9V zilizofuatana, ni volti 18, hapo una volti 90 kwa mita. Ila ukikipandisha juu ya paa kitasoma zaidi ya uwanjani, kona na ncha zinakusanya umeme, kwahiyo linganisha na uwanja tambarare. Na ukisikia ngurumo shuka, subiri nusu saa baada ya ile ya mwisho.

Utamu upo kwenye mkunjo (grafu) wa Carnegie, meli ya utafiti ya Marekani iliyolipuka bandarini Apia, Samoa, 1929. Vipimo vyake vya baharini vilionyesha umeme wa siku tulivu unafika kilele saa ileile dunia nzima, kwetu Afrika Mashariki ni kama saa nne usiku, na unakuwa chini kabisa alfajiri saa kumi na mbili. Nchi kavu usitegemee kuuona kwa usiku mmoja, kusanya siku tulivu nyingi upate wastani. Mi grafu yangu ilipanda saa mbili asubuhi kila siku, nikafurahi kama mjinga nimegundua kitu, kumbe ni moshi, jirani anachoma taka.