Maswali na Majibu: Katuni za Kale za Paris, Geuza Karatasi Kwanza

Barua za karibuni zimemwelekea zaidi mtu mmoja: Honoré Daumier, mchoraji wa Paris aliyezaliwa mwaka 1808 na kufariki 1879, aliyeacha litografia (picha zilizochapwa kutoka kwenye jiwe) zipatazo 4,000 za kuwakejeli wafalme, mawakili, wenye nyumba na wapangaji wao. Tunazijibu kwa pamoja.

SWALI: Ndugu wahariri, salaam. Mjomba wangu aishiye Paris ameonyeshwa kitabu chenye picha 40 za Daumier, kiitwacho *Les Bas bleus* (“Soksi za buluu”, jina la kuwadhihaki wanawake wasomi). Nyuma ya kila picha pana matangazo ya biashara, na wino wake unaonekana hadi mbele. Muuzaji anasema picha ni za asili. Jirani wa mjomba anasema kitu cha asili hakiwezi kuwa na matangazo mgongoni. Nani mkweli? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Muuzaji. Matangazo hayo ndiyo yanayomtetea.

Michoro hii ilitolewa mwaka 1844 katika gazeti la kila siku la *Le Charivari*, lililoanzishwa na Charles Philipon tarehe 1 Desemba 1832. Gazeti lilikuwa na kurasa 4, na katuni kwa kawaida ilikaa ukurasa wa 3. Ukiigeuza unakutana na ukurasa wa 4, ambako matangazo yalijaa. Karatasi ile ilipita mashine mbili: ya jiwe kwa ajili ya picha, na ya herufi za madini ya risasi kwa ajili ya maandishi. Jiwe ni bapa, halikwaruzi karatasi. Herufi za risasi zimechomoza, kwa hiyo zinabonyeza. Mwambie mjomba ashike karatasi moja karibu na dirisha, mwanga uje kwa ubavu, apitishe kidole taratibu juu ya sehemu nyeupe ya picha. Atahisi vijinundu vya herufi kutoka upande wa pili. Mwigaji wa kisasa hajisumbui kwa hilo.

Picha zizo hizo ziliuzwa pia bila maandishi nyuma, kwenye karatasi nene na nyeupe zaidi. Wafanyabiashara huziita *sur blanc*, yaani zilizochapwa juu ya karatasi nyeupe. Hizo ndizo zinazogombaniwa minadani, na bei yake huwa mara kadhaa ya ile ya gazeti. Kwa hiyo swali la kumbana nalo muuzaji ni kama anadai bei ya *sur blanc* kwa karatasi ya gazeti.

Kisha mjomba ahesabu. Namba ya kila picha iko juu, pembe ya kulia, kuanzia 1 hadi 40. Katika katalogi ya picha za Daumier iliyotungwa na Loys Delteil (kwa kifupi LD), ambayo wauzaji wote huitumia, mfululizo huu ni LD 1221 hadi 1260. Atazame na pambizo ya chini, maana wafunga vitabu wa zamani walipenda kukata kingo zilingane, na mara nyingine kisu kilipita juu ya maneno ya mchoro. Picha ya Daumier isiyo na maneno yake ni kichekesho kilichokatwa ulimi. Aiache hata kama bei ni ya kutupa.

(Kejeli yenyewe, tuseme ukweli, imechacha. Inawacheka wanawake walioacha sufuria wakashika kalamu. Mkono wa mchoraji ndio unaonunuliwa hapa, si busara yake.)

SWALI: Nimeletewa picha ya Daumier, *Rue Transnonain* (jina la mtaa wa Paris), ikiwa kwenye fremu, kwa bei ninayoimudu. Nitajuaje kama ni ya 1834? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Bei unayoimudu ndiyo sababu ya kwanza ya kusita. Picha hii haichekeshi hata kidogo: ni familia iliyouawa na askari chumbani mwake usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1834. Ilitolewa kwa wanachama wa *L'Association mensuelle*, mpango wa Philipon wa kuchangisha fedha za kulipia faini za magazeti yake, ikiwa ya 24 na ya mwisho. Polisi walilikamata jiwe pamoja na nakala walizozikuta. Zilizopona ni chache, na nakala za kuigiza ni nyingi mno.

Anza kwa kuitoa kwenye fremu. Usikubali kukagua kupitia kioo. Pima mchoro wenyewe, bila pambizo: uwe takriban sentimita 29 kwa 44. Tafuta mkunjo wa wima katikati, kwa kuwa picha za mfululizo huu zilikunjwa. Mkunjo uliobanwa ukanyooshwa huacha mstari hafifu upande wa nyuma hata kama mbele haujulikani.

Kisha chukua lenzi ya kukuza mara 10, uweke jicho karibu kabisa, utazame sehemu ya kijivu, si nyeusi. Mchoraji wa litografia huchora kwa kreyoni ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa kwa mchanga. Kreyoni hushika vilele vya chembe za jiwe na kuruka mabonde. Jiwe likiloweshwa, maji yanakaa pasipo na mafuta na wino wa rola unashika palipo na mafuta. Ndiyo maana kijivu cha kweli kinaonekana kama unga uliomwagika: chembe zisizolingana, nyingine zimeshikana, nyingine ziko mbalimbali. Ukiona vitone vilivyojipanga kwa mistari kama punje za mahindi kwenye gunzi, hiyo ni picha ya mashine iliyopigwa kutoka kwenye fotografia. Irudishe.

Jaribio la mwisho ni la tochi ya miale ya urujuanimno, nanomita 365, kwenye chumba cha giza. Karatasi nyingi zilizotengenezwa baada ya mwaka 1950 hivi zina kemikali ya kung'arisha, nazo huwaka rangi ya samawati nyeupe. Karatasi ya 1834 inabaki imefifia. Lakini kutowaka hakuthibitishi lolote peke yake, kwa sababu kuna nakala za kuigiza za mwaka 1900 ambazo nazo haziwaki.

SWALI: Nina juzuu mbili za *Les Cent et un Robert Macaire*, 1839. Picha ni ndogo kuliko nilizoona kwenye *Le Charivari*. Nimeuziwa bandia? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Hapana. Ukurasa wa jina wenyewe unakiri kuwa michoro imepunguzwa na kuchorwa upya kwenye jiwe. Ni kitabu halali cha duka la Aubert, mchapishaji wa katuni wa Paris, ila kazi ya mkono wa Daumier mwenyewe iko kwenye matoleo makubwa ya gazeti. Robert Macaire, tapeli wa kila biashara, alikuja baada ya sheria za Septemba 1835 kulazimisha kila katuni ipate kibali kabla ya kutoka. Mfalme akawa hagusiki, wachoraji wakageukia matapeli.

Wewe hakikisha picha zote 101 zipo. Usihesabu tu, fungua kila kitabu hadi kwenye mshono uone kama kuna kisiki, yaani ukanda mwembamba wa karatasi uliobaki baada ya jani kukatwa kwa wembe. Tazama na kurasa za maandishi zinazokabiliana na picha. Mafuta ya wino huacha kivuli cha rangi ya chai kwenye ukurasa wa mbele yake. Kivuli kikiwapo na picha haipo, imeng'olewa. Kivuli kisipofanana na picha iliyopo, imechomekwa kutoka kitabu kingine.

SWALI: Za rangi ni bora kuliko nyeusi? (Msomaji, Kampala)

JIBU: Zikiwa zilipakwa rangi wakati ule ule, ndiyo. Aubert aliuza nakala zilizopakwa kwa mkono. Lakini rangi ya jana juu ya karatasi ya gazeti yenye matangazo nyuma ni ujanja wa kuipandisha bei. Usijaribu kwa kidole chenye mate, kama wengine wanavyoshauri. Rangi ya maji itayeyuka na kuhamia kidoleni.

SWALI: Naishi Mombasa. Albamu yangu imeanza vidoa vya rangi ya kutu na harufu ya ukungu. Mama mkwe anashauri niweke karafuu na majani ya mwarobaini kati ya kurasa. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kwa heshima zote za mama mkwe, yaweke kabatini mbali na kitabu. Mafuta ya karafuu na utomvu wa majani huhamia kwenye karatasi na kuacha madoa. Nafthalini (vidonge vya kufukuza nondo) nayo isikutane na kitabu.

Adui yako ni unyevunyevu. Nunua kipima unyevu cha kawaida. Ukipita asilimia 65 kwa muda, ukungu huota. Lenga 45 hadi 55. Kwa albamu moja, boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, la lita 50, linatosha. Ndani weka gramu 500 za silika ya kukausha (chembe zinazofyonza unyevu), ndani ya mfuko wa kitambaa usiogusa karatasi, kisha soma kipimo baada ya siku 2. Ukishuka chini ya 40, punguza silika, kwani karatasi kavu mno hukatika kwenye mikunjo. Silika ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa 2 au 3. Kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, kwa kuwa karatasi inavimba na kusinyaa kila siku.

Ukungu uliokwisha kuota usiufute ukiwa mbichi, utausugua uingie ndani ya nyuzi. Acha albamu ikauke boksini wiki nzima, kisha itoe nje, vaa barakoa, upanguse kwa brashi laini kuelekea mbali nawe. Vidoa vya kutu viache vilivyo. Klorini ya kufulia huving'arisha leo na kuila karatasi kesho.

Ukikuta matundu ya wadudu, funga albamu kwenye mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, iweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2. Ukiitoa, usifungue mfuko kwa saa 24. Ukiharakisha, umande utatua juu ya kitabu badala ya juu ya plastiki.

SWALI: *Punch* la London nalo ni litografia? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: La. Lilianza 1841 na kujiita Charivari ya London, lakini picha zake nyingi za karne ya 19 zilichongwa kwenye mbao. Ukitaka litografia ya Uingereza, tafuta *Vanity Fair*, jarida la zamani la London la wiki kwa wiki, lililochapa watu mashuhuri kwa mawe ya rangi. Toleo la Novemba 1872 lina Henry Morton Stanley, mwaka mmoja tu baada ya kukutana na Livingstone pale Ujiji. Hiyo huuzwa ikiwa karatasi moja moja, na nyingi zimepunguzwa pambizo ili ziingie kwenye fremu, kwa hiyo mwulize muuzaji vipimo vya karatasi nzima kabla ya kutuma fedha.